Kutu ya simu kongwe: kikulacho ki nguoni mwako

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu kwamba kila chombo cha chuma hatimaye hufa kwa uzee. Mtu akiiona simu ya zamani, ile nyeusi yenye kisahani cha kuzungusha namba, imeota kutu kwenye parafujo, imefanya ukungu wa kijani kwenye shaba na haitoi mlio wowote, hutikisa kichwa na kusema kuwa siku zake zimekwisha. Hukumu ikishapita, simu hiyo huishia jaani au kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu apitaye na mizani yake. Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki. Miaka haili chuma. Kinachokila chuma kina jina na kina sababu, na mara nyingi kilikuwamo ndani ya simu yenyewe tangu siku ilipotoka kiwandani.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji maabara. Chukua simu mbili zilizotengenezwa na kiwanda kimoja katika mwaka mmoja. Moja iweke katika ofisi kavu jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nyingine itundike ukutani katika nyumba inayoikabili bahari kule Mombasa au Lamu. Baada ya miaka hamsini umri wao utakuwa mmoja, lakini hali zao hazitafanana hata kidogo. Ile ya bara huenda ikahitaji kupanguswa vumbi tu, ilhali ile ya pwani itakuwa imeliwa kengele, parafujo na waya. Lau umri ndio ungekuwa muuaji, zote mbili zingekufa pamoja.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini tujishughulishe na vyombo ambavyo simu za mkononi zimekwisha kuvipokonya kazi? Jibu ni kwamba historia ya mawasiliano yetu imehifadhika ndani ya vyombo hivi. Mnamo 1888 waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari uliziunganisha Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, nguzo za waya zilifuatana nayo kuelekea bara. Mwaka 1908 huduma ya simu za umma ilianza katika miji ya Nairobi na Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilianzisha shirika lake la posta na simu, nalo likagawanywa mwaka 1999. Katika miaka yote hiyo simu zilikaa juu ya meza za wakuu wa wilaya, stesheni za reli, hospitali, shule na maduka. Zilipeleka habari za vifo na ndoa, za bei ya kahawa na za kuchelewa kwa magari ya moshi. Vyombo hivyo ni mashahidi, na shahidi hatupwi kwa sababu ya madoa yaliyo kwenye kanzu yake.

Basi tuanze na maana ya kutu. Metali nyingi tunazozitumia hazipatikani ardhini zikiwa safi. Chuma huchimbwa kikiwa kimefungamana na oksijeni, na shaba na zinki aghalabu hutolewa katika mawe yaliyochanganyika na salfa. Binadamu hutumia moto na nguvu nyingi kuzitenganisha. Metali ikishatenganishwa hubaki na hamu ya kurudi ilikotoka, na kutu ndiyo njia yake ya kurejea udongoni. Ili safari hiyo ianze, chuma huhitaji wenzi wawili: hewa yenye oksijeni, na maji.

Maji hayo si lazima yawe ya mvua au ya ndoo iliyomwagika. Hata hewa tuivutayo hubeba mvuke. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi ya kiasi ambacho hewa hiyo inaweza kubeba, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya metali, na kutu hushika kasi. Katika mwambao wetu unyevu hupita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Isitoshe, upepo wa bahari huja na chembe za chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka kwa kunyonya unyevu ufikapo asilimia 75 hivi. Hata hivyo, chumvi ya bahari ina pia chumvi za magnesi, ambazo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu kiasi cha asilimia 33. Hii ndiyo sababu chombo kilichopata chumvi ya bahari hakikauki sawasawa, hata kikiwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kukipangusa asubuhi kwa kitambaa kikavu ni kuyaondoa maji na kuiacha chumvi iendelee kuyaita mengine.

Hadi hapa tumemtaja adui wa nje. Lakini wahenga walituambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na sijaona kitu kinachoithibitisha methali hiyo kuliko simu kongwe. Ifungue uone. Ndani mna chuma cha sumaku na cha kengele, shaba nyekundu ya waya, shaba ya manjano ya vituo vya kufungia waya, nikeli iliyopakwa juu ya shaba, fedha kwenye ncha za kugusanisha umeme, zinki, risasi na bati la kulehemia, na pengine mpira, pamba, hariri na mbao. Metali hizi zimefungwa pamoja kwa parafujo, kila moja na tabia yake.

Alessandro Volta, mwanasayansi wa Italia, alionyesha mwaka 1800 kwamba metali mbili tofauti zikitenganishwa na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi huzaa umeme. Ndipo ilipozaliwa betri. Umeme huo, hata hivyo, haupatikani bure: metali iliyo dhaifu kati ya hizo mbili huliwa ili kuuzalisha. Parafujo ya chuma iliyokazwa kwenye kipande cha shaba ya manjano, ikapata unyevu wa chumvi, ni betri ndogo isiyozimwa usiku wala mchana. Chuma ndicho dhaifu, hivyo chuma ndicho kiliwacho. Mabaharia wa Uingereza walilipata somo hili kwa gharama kubwa katika karne ya 18. Manowari yao iitwayo Alarm ilivishwa mabamba ya shaba mwaka 1761 ili isiliwe na wadudu wa mbao. Ilipokaguliwa baada ya muda mfupi, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya sana.

Hali kadhalika nikeli. Kisahani na vifuniko vya kengele vilipakwa nikeli ili ving'ae na visishike kutu. Nia ilikuwa njema, ila utando wa nikeli una vitundu vidogo mno. Maji hupenya katika vitundu hivyo na kukifikia chuma kilicho chini. Kwa kuwa nikeli ina nguvu kuliko chuma, chuma huliwa chini kwa chini kama mbao inayoliwa na mchwa. Siku nikeli inapofumuka na kubanduka, kazi ya uharibifu ilikwisha kufanyika zamani.

Adui wa pili wa ndani ni umeme wa simu yenyewe. Simu iliyounganishwa na kituo haikuwa imelala hata kidogo ilipokaa kimya mezani. Vituo vya simu vya muundo wa Kiingereza viliipa laini umeme wa volti 50 za mkondo usiogeuka, saa ishirini na nne kwa siku. Penye utando wa maji kati ya vituo viwili vya waya, umeme huo huvuja, na metali iliyo upande chanya huyeyuka polepole. Wahandisi waliujua ugonjwa huu. Ndiyo maana waliuunganisha upande chanya wa betri za kituo na ardhi na kuufanya waya wa laini uwe upande hasi, ili uvujaji utokeapo usiule waya uliotandazwa maili nyingi. Hila hiyo iliziokoa nyaya nyingi za nje, lakini ndani ya simu hatari ilibaki. Waya unaozungushwa kwenye kengele na kwenye kipokezi ni mwembamba kama unywele. Kitone kimoja cha kutu ya kijani kinatosha kuukata, na waya ukikatika mahali pamoja tu, simu nzima huwa bubu. Pamba na hariri zilizotumiwa kuukinga waya huo zilizidisha balaa, kwani hufyonza unyevu kama utambi ufyonzavyo mafuta ya taa.

Adui wa tatu ni ule mpira mgumu mweusi uitwao ebonaiti. Kabla ya Bakelite kuenea, simu za ukutani na zile za umbo la kinara cha mshumaa zilikuwa na vipokezi vya ebonaiti. Mpira huo hupatikana kwa kupikwa pamoja na salfa nyingi, takriban robo ya uzito wake au zaidi. Unapopigwa na mwanga kwa miaka, salfa iliyo juu yake huungana na oksijeni na unyevu ikawa tindikali ya salfa, jamii ileile ya tindikali iliyomo katika betri za magari. Rangi yake nyeusi hugeuka kuwa ya hudhurungi yenye ukijani, na shaba iliyoshikana nayo huanza kulika. Wapo wanaodhani kuwa shaba hiyo imechakaa yenyewe, kumbe imetiliwa sumu na jirani yake. Hata bila tindikali, mvuke wa salfa utokao kwenye mpira huzifanya ncha za fedha kuwa nyeusi, na sauti ikaanza kukatikakatika.

Adui wa nne alikaa ndani ya sanduku. Simu zilizotumiwa mbali na miji, zile zenye mkono wa kuzungushwa ubavuni ili kumwita opareta, zilijitegemea kwa betri zao. Nyingi zilikuwa za aina iliyobuniwa na Mfaransa Georges Leclanché mnamo 1866, yenye zinki, kaboni na chumvi ya amonia. Betri iliyosahauliwa ndani ya sanduku hupasuka, chumvi yake hutambaa, na kila inapofika hula. Shaba ya manjano huchukia amonia kupita kiasi. Katika jeshi la Waingereza nchini India enzi za ukoloni, maganda ya risasi yaliyotengenezwa kwa shaba ya manjano yalikuwa yakipasuka yenyewe majira ya mvua, pasipo kuguswa na mtu. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kisa chake: amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, iliipasua shaba iliyokuwa bado na mkazo wa kushindiliwa kiwandani. Springi na vibanio vya shaba ndani ya simu vina mkazo kama huo. Masanduku yenyewe nayo hayana usalama kamili, kwani mbao za mwaloni zilizopendwa na watengenezaji hutoa mvuke wa tindikali ya siki, ambao huila risasi.

Wa tano ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Vipande vya zinki vilivyomiminwa katika kalibu kabla ya miaka ya 1930 mara nyingi vilikuwa na uchafu kidogo wa risasi. Uchafu huo hujipanga kati ya chembe za zinki, unyevu ukaingia humo, na kipande huvimba, hupinda na kumomonyoka kama mkate mkavu. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa mchanganyiko uliotumia zinki safi sana, na ugonjwa huo ukapungua. Kipande kilichokwisha kuugua hakina tiba. Kinaweza kucheleweshwa tu kwa kuwekwa mahali pakavu.

Baada ya orodha hiyo ndefu ya maadui, inasikitisha kuwa wako marafiki wanaoua haraka kuliko maadui. Nawasema wale wenye mapenzi ya kung'arisha. Kidole cha binadamu kina jasho, na jasho lina chumvi na tindikali. Alama ya kidole kwenye shaba safi inaweza kubaki humo daima. Zaidi ya hapo, dawa nyingi za kung'arishia shaba zinazouzwa madukani zina amonia, ileile iliyoyapasua maganda ya risasi. Kwetu pwani tuna ukwaju, ndimu na majivu, ambavyo bibi zetu walivisugulia sinia na madele mpaka yakameta. Kwa sinia ni sawa, maana sinia husuuzwa kwa maji tele na kuanikwa juani. Simu haisuuzwi. Tindikali ya ukwaju hujificha kwenye nyuzi za parafujo na chini ya vibanio, na miezi michache baadaye kutu hurejea kwa hasira zaidi. Naye apigaye msasa mpaka nikeli ikaisha, amelivua joho la mgonjwa na kumlaza nje kwenye baridi.

Wako na wachuuzi wa vitu vya kale ambao huichukua simu, wakaipaka rangi ya dhahabu na kuiuza kwa mapambo. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na hapa methali hiyo haina mafumbo. Chini ya rangi ile chumvi imefungiwa ndani pamoja na unyevu, na kazi inaendelea gizani.

Tufanyeje basi? Yaliyo muhimu hayana gharama kubwa. Kwanza, kila simu yenye betri itolewe betri hizo leo, si kesho. Pili, simu isitundikwe kwenye ukuta upatao upepo wa bahari, wala isifungiwe katika mfuko wa plastiki bila kukaushwa, kwa sababu mfuko huufungia unyevu ndani. Kabati lenye hewa ya wastani, mbali na jua, linafaa. Vile vifuko vidogo vya chembe za silika vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya, ambavyo watu huvitupa, husaidia kukausha hewa katika sanduku lililozibwa vizuri, mradi vibadilishwe vinapochoka. Tatu, ebonaiti isioshwe kwa maji ya moto wala isianikwe juani. Nne, mwenye chombo cha pwani kilicholowa chumvi amtafute fundi ajuaye kazi, avifungue vipande vya metali, avisafishe kwa maji yaliyokenekwa yasiyo na chumvi, avikaushe barabara, kisha avipake nta nyepesi. Mahali ambapo shaba imefanya rangi ya hudhurungi iliyotulia, iachwe hivyo. Rangi hiyo huisaidia shaba kujikinga. Ile kutu ya kijani ya ungaunga, inayorudi kila ifutwapo, ndiyo ishara ya ugonjwa unaoendelea.

Ninalo pia neno kwa wakuu wa ofisi za umma, shule na misheni ambazo stoo zake bado zina vyombo hivi. Kabla hamjaita mnada, geuzeni simu chini juu na kusoma. Simu nyingi za muundo wa Posta ya Uingereza zilipigwa chapa ya herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwaka zilipotengenezwa. Mkononi mwa mtafiti, chapa hiyo husema chombo kilitoka wapi na lini. Kutu ikiila, cheti cha kuzaliwa cha chombo hicho kimechanwa, na hakuna ofisi itakayotoa kingine. Andikeni basi namba hizo, andikeni simu ilikaa chumba gani na ilitumiwa na idara gani, kisha itafutieni makumbusho au maktaba itakayoipokea. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya serikali. Yahitaji kalamu, daftari na mtu mmoja mwenye kujali.

Wala tusijidanganye kuwa mambo haya ni ya vyombo vya kale pekee. Simu ya mkononi iliyo mfukoni mwako msomaji ina shaba, bati, nikeli, dhahabu na betri vilivyobanwa katika nafasi ndogo zaidi. Itumbukie baharini mara moja tu, na sheria aliyoionyesha Volta itaanza kufanya kazi kwa dakika badala ya miaka.

Hapana haja ya kumlaumu Mzee Wakati kwa dhambi asizozitenda. Simu kongwe huuawa na chumvi tusiyoiondoa, betri tuliyoisahau, mpira uliokaa juani na mkono uliosugua bila kujua unasugua nini. Yote hayo yamo katika uwezo wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, lakini ukuta angalau hujengeka upya. Waya uliozungushwa kiwandani miaka themanini iliyopita na chapa iliyopigwa siku hiyo, vikishaliwa, hakuna fundi atakayevirudisha.